Sanduku la Mfalme Yoashi: Jinsi Miji Ilivyogharimia Majengo Makubwa, Zamani na Sasa

Mwaka wa Jubilei ni mwaka wa kutazama nyuma, tena ni mwaka wa kuweka mawe ya msingi. Watu wakimshukuru Mungu kwa miaka iliyopita, mioyo yao hutamani kuacha ukumbusho utakaodumu, na ukumbusho upendwao kupita yote ni jengo. Lakini ye yote asafiriye katika nchi zetu ameona kuta zilizofika kimo cha madirisha zikaachwa, majani yakaota ndani yake, na mbuzi wakapata zizi. Jiwe la msingi laonyesha mwaka wa kuanza. Mwaka wa kumaliza haupo. Na wale walioleta senti zao, na mayai yao, na kuku wao, wengine wamekwisha kufa, wala hawakuingia katika nyumba ile hata siku moja. Jambo hili si dogo. Bwana wetu mwenyewe alilitolea mfano, aliposema habari za mtu aliyeanza mnara bila kupiga hesabu. Basi yatupasa sisi waalimu na Wakristo wa mitaa tujifunze kwa miji iliyotutangulia: jinsi walivyopata fedha za majengo makubwa, jinsi walivyosimamia kazi, na kwa sababu gani wengine walimaliza na wengine wakakwama.

Tuanze na habari ya kale iliyo wazi sana, iliyomo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa kumi na mbili. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu, wazitumie kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana huko Yerusalemu. Fedha zikaingia, lakini hata ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yalikuwa vile vile. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Yatuonyesha tu kwamba kila mmoja alipokea kwa watu wake mwenyewe, na kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Kila walipoona kwamba fedha zimekuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu, wakazifunga katika mifuko, wakazitia mikononi mwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi na wachonga mawe.

Sanduku lile halikuwafanya watu kuwa matajiri. Lakini lilijibu maswali matatu yaliyokuwa hayana jibu kwa miaka 23. La kwanza: fedha zaingia kwa mlango gani? La pili: nani ashikaye kazi? La tatu: nani ahesabuye, na mbele ya nani? Nikisoma habari za majengo makubwa ya miji, naona kwamba kila lililosimama liliyajibu maswali haya, na kila lililokwama lilikwama katika mojawapo.

Mfano mkubwa wa jengo lililoyajibu yote matatu uko London. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1666 moto uliuteketeza mji ule kwa siku nne. Nyumba 13,200 hivi ziliungua, na makanisa 87, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo pamoja nayo. Watu walikuwa wamepoteza nyumba na bidhaa zao. Nani angeweza kuleta sadaka ya kutosha kwa kanisa kubwa? Michango ya hiari ilijaribiwa, lakini haikufika mbali. Basi Bunge likatafuta mlango mwingine. Katika siku zile watu wa London walipika na kuota moto kwa makaa ya mawe, nayo yaliletwa kwa merikebu. Kwa sheria ya mwaka wa 1667 kila tani ya makaa iliyoshushwa bandarini ilitozwa ushuru wa shilingi moja, na mwaka wa 1670 ushuru ule ukapandishwa kuwa shilingi tatu. Fedha zikagawanywa: sehemu kwa barabara na majengo ya mji, sehemu kwa makanisa ya mitaa, na sehemu kwa Kanisa Kuu.

Tuangalie akili iliyomo katika ushuru huu. Haukutegemea bidii ya siku ya mkutano, ambayo huwaka leo na kupoa mavuno yanapokuwa mabaya. Kila mwaka baridi ilikuja, kila mwaka makaa yalinunuliwa, na kila mwaka fedha ziliingia. Tena, kwa kuwa mlango ule ulikuwa wa hakika, wasimamizi waliweza kukopa fedha kazi ilipozidi mapato; maana mwenye mali hukopesha kwa moyo mkunjufu akijua deni lake litalipwa kwa makaa ya miaka ijayo. Lakini tusiufiche upande wa pili. Maskini aliyenunua makaa kidogo ili watoto wake waote moto alichangia ushuru ule kama tajiri, wala hakuulizwa kama ataka. Achaguaye mlango wa fedha huchagua pia nani atakayebeba mzigo, na neno hili lataka kufikiriwa kabla ya jiwe la kwanza.

Aliyeshika kazi alikuwa Christopher Wren, mtu mwenye elimu nyingi ya hesabu na ya nyota. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka wa 1675. Wren alijua kwamba ziko njia tatu za kuwaajiri mafundi, naye alizieleza mwaka wa 1681 katika barua aliyompelekea Askofu wa Oxford. Njia ya kwanza ni kibarua cha siku: humwonyesha msimamizi nani mvivu. Njia ya pili ni kulipa kwa kipimo: ukuta hupimwa, na kila kipimo kina bei yake, njia hii humwangazia msimamizi kila sehemu ya kazi, ajue ni vitu gani vitakavyohitajiwa. Njia ya tatu ni kandarasi ya jengo zima kwa bei moja. Hiyo ni salama kwa kazi ambayo mafundi wameizoea. Lakini katika kazi ngeni fundi hujidanganya mwenyewe kwa bei ndogo, na akiona hasara yaja, huanza kulipua kazi ili ajiponye. Wren aliipenda zaidi njia ya kipimo. Ndugu walimu, miaka zaidi ya 340 imepita tangu barua ile, na hata leo nyufa nyingi katika kuta zetu ni alama ya fundi aliyekubali bei ndogo kwa kazi asiyoijua.

Hata hivyo watu walichoka kungoja. Mwaka wa 1697 Bunge liliagiza kwamba nusu ya mshahara wa Wren, uliokuwa paundi 200 kwa mwaka, izuiliwe mpaka kanisa limalizike, kana kwamba mzee yule ndiye aliyechelewesha mawe. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule ibada ya kwanza ilifanywa, ijapokuwa kuba kubwa ilikuwa haijajengwa. Mwaka wa 1711 Bunge likatangaza kwamba kazi imekwisha, na Wren, aliyekuwa amekaribia umri wa miaka 80, akalipwa haki yake. Kazi ilichukua miaka 36 chini ya fundi mkuu yule yule. Na madaftari ya hesabu za jengo, tangu mwaka wa 1675, yamehifadhiwa hata leo, yakionyesha majina ya mafundi na malipo yao.

Sasa tulichukue kila swali peke yake, tuone jinsi miji mingine ilivyolijibu. Kuhusu mlango wa fedha, hakuna mwalimu mkali kama mji wa Köln katika Ujerumani. Kanisa Kuu la Köln lilianzwa tarehe 15 Agosti 1248. Sehemu ya madhabahu ikawekwa wakfu mwaka wa 1322. Baada ya hapo kazi iliendelea polepole, ikitegemea sadaka za waumini na wasafiri, hata mnamo mwaka wa 1560 ikasimama kabisa, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekauka. Juu ya mnara mmoja uliokuwa haujafika nusu, mtambo wa miti wa kuinulia mawe ukabaki umesimama. Nao ukakaa pale zaidi ya miaka 300. Watoto walizaliwa, wakazeeka, wakafa, wakidhani kwamba mtambo ule ni sehemu ya kanisa lao.

Kilichouamsha mji ni mambo mawili. La kwanza, ramani ya zamani ya uso wa kanisa, iliyokuwa imepotea, ilionekana: nusu yake katika mji wa Darmstadt mwaka wa 1814, na nusu ya pili Paris mwaka wa 1816. La pili, mwaka wa 1842 wenyeji waliunda chama cha kujenga Kanisa Kuu, na mfalme wa Prussia akaahidi fedha za serikali pamoja na michango ya chama. Hata hizo zilipopungua, wakaanzisha bahati nasibu kwa ajili ya minara, na tiketi zikanunuliwa na watu wengi. Tarehe 15 Oktoba 1880 kazi ikatimia, miaka 632 baada ya jiwe la msingi. Mtu aweza kuuliza kama yafaa nyumba ya Mungu kumalizwa kwa mchezo wa bahati. Wengi wetu tungesema hapana. Lakini tofauti ya nyakati mbili yaonekana wazi. Wakati wa kwanza fedha zilikuja zilipokuja. Wakati wa pili palikuwapo chama chenye wanachama na ada, kilichojua mwezi huu kitapata nini na mwaka ujao kitapata nini.

Karibu na nyumbani, mji wa Dar es Salaam umetupa mfano wa siku zetu. Kwa miaka mingi watu wa Kigamboni walivuka bahari kwa pantoni, wakipanga foleni asubuhi na jioni. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2016 daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, likafunguliwa. Asilimia 60 ya fedha zake zilitoka katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na asilimia 40 serikalini. Kisha magari yaliyovuka yakatozwa ushuru ili fedha za Mfuko zirudi. Fedha hizo zilikuwa akiba ya wafanyakazi, chakula chao cha siku za uzee. Wavukaji walipolalamika kwamba ushuru ni mzito, walikuwa na haki ya kusikiwa. Lakini na mzee angojaye malipo yake ana haki. Hapa twaona tena lile la makaa ya London: fedha za jengo kubwa daima ni za mtu fulani, na mtu huyo yafaa ajulikane.

Swali la pili ni la kushika kazi. Kwa hili twende mpaka Sydney, mji wa Australia. Mwaka wa 1957 Jørn Utzon, mchora ramani wa Denmark, alishinda mashindano ya kuchora jumba la muziki litakalojengwa kando ya bandari. Paa zake zilifanana na matanga ya jahazi. Gharama ilikisiwa kuwa dola milioni saba kwa hesabu ya fedha ya sasa ya nchi ile, nayo kazi ilitazamiwa kwisha mwanzoni mwa mwaka wa 1963. Wakuu wa serikali waliogopa kwamba wakikawia, watu watabadili nia. Basi wakaamuru kazi ianze mwezi wa Machi mwaka wa 1959, ijapokuwa hakuna aliyejua bado jinsi paa zile zitakavyosimama. Msingi ukajengwa. Hata ilipojulikana uzito wa paa, ikaonekana kwamba baadhi ya nguzo haziwezi kuzichukua. Ikabidi nguzo zivunjwe na kujengwa upya. Ugomvi ukazidi baina ya Utzon na serikali, na mwaka wa 1966 akajiuzulu, akaenda zake, wala hakuliona jumba lake likiisha. Lilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1973, miaka kumi baada ya wakati uliotajwa, na gharama yake ilikuwa dola milioni 102.

Angalieni, fedha hazikukosekana Sydney. Walikuwa na bahati nasibu yao, nayo ililipa sehemu kubwa ya gharama. Kilichokosekana ni saburi ya kumaliza ramani kabla ya kuchimba msingi, na mapatano baina ya mwenye fedha na mwenye ramani. Jumba lile leo ni fahari ya nchi, na wageni huja kulitazama kutoka pande zote za dunia. Uzuri wake haukanushiki. Lakini nchi tajiri yaweza kulipa kosa mara kumi na nne na zaidi ya bei ya kwanza. Mtaa wa wakulima hauwezi. Haraka haraka haina baraka, na katika ujenzi haraka ina bei yake iliyoandikwa kwa tarakimu.

Swali la tatu ni la hesabu. Tarehe 15 Aprili 2019 paa la Kanisa Kuu la Notre-Dame huko Paris liliungua mbele ya macho ya dunia nzima. Hapa shida haikuwa uhaba wa fedha, bali wingi wake. Watu 340,000 hivi, katika nchi 150, walitoa yuro milioni 846: matajiri walitoa mamilioni, na watoto wa shule wakatoa sarafu. Fedha nyingi zikija upesi namna hii, huvuta mikono mingi. Basi mwezi wa Julai mwaka ule ule ilitungwa sheria kwamba fedha zile ni za kulitengeneza kanisa lile tu. Ikaundwa idara moja ya kusimamia kazi, ikawekwa chini ya jenerali mmoja aliyestaafu, Jean-Louis Georgelin. Nayo mahakama ya hesabu za serikali ikazikagua hesabu kazi ikiwa ingali ikiendelea, wala si baada ya kwisha, na taarifa zake zikatangazwa kwa watu wote, hata pale zilipokuwa na maneno ya kukosoa. Jenerali alifariki mwaka wa 2023, lakini kazi haikuanguka, kwa sababu haikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Aliyekuwa msaidizi wake akaipokea. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2024 milango ikafunguliwa, na fedha zilizobaki, kama yuro milioni 140, zikawekwa kwa matengenezo mengine ya kanisa lile lile. Hilo ndilo sanduku la Yoashi: tundu moja, na wahesabuji wawili wanaotazamana.

Pengine mtu atasema, mambo haya ni ya Ulaya na ya matajiri. Basi twende Unguja, Mkunazini. Mwezi wa Juni mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale palipouzwa watu. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Askofu Edward Steere aliisimamia kazi yeye mwenyewe, akiwafundisha mafundi waliokuwa hawajajenga nyumba ya namna ile. Kwa kuwa boriti za kufunika upana ule hazikupatikana, paa likajengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likafanywa tao moja kubwa. Na wengi walisema litaanguka. Hata leo wenyeji husimulia kwamba siku moja Askofu alipokuwa mbali, mafundi walisimamisha nguzo fulani kichwa chini, nazo zikaachwa hivyo hivyo. Atazamaye nguzo zile hukumbuka kazi ya msimamizi ni nini. Steere alipokufa mwaka wa 1882 kanisa lilikuwa limekwisha kusaliwa, na paa lake lasimama mpaka leo. Nalo jengo halina mwisho wa gharama: katika miaka ya kabla ya 2016 ilibidi litengenezwe tena kwa msaada mkubwa kutoka nje. Mwenye kupanga kujenga na asipange kutunza, amepanga nusu.

Haya basi, wapenzi wasomaji. Kabla mtaa haujachukua koleo, wazee wakae pamoja wayaandike majibu ya maswali matatu kwenye karatasi, wayasome kanisani. Fedha zitaingia kwa mlango gani mwaka huu, na mwaka wa mvua haba je? Ramani imekwisha, na nani atakayesimama mahali pa kazi kila siku, na akifa au akihamishwa, nani atampokea? Nani wawili watakaohesabu pamoja, na siku gani hesabu zitasomwa mbele ya watu? Kama jibu moja halipo, jiwe la msingi lingoje. Kungoja mwaka mmoja si aibu, na Köln imetuonyesha aibu ilivyo.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mjane aletaye yai lake Jumapili haliiti fedha ya ujenzi. Huliita sadaka, na amelinyima tumbo lake ili alilete. Ana haki ya kusikia liliuzwa kwa kiasi gani, na likanunua nini. Daftari na lifunguliwe kwake kwanza, ndipo lifunguliwe kwa wageni wa Jubilei.